Kabla Mnunuzi Hajabisha Hodi

Kabla sijawa muuzaji wa nyumba nilikuwa mnunuzi, na sidhani kama kuna shule bora kuliko hiyo. Kwa muda mrefu niliingia katika nyumba za watu, nikasalimiana na wenyewe sebuleni, kisha nikapitishwa chumba baada ya chumba, usoni nikitabasamu kwa adabu na kichwani nikihesabu kasoro. Koki iliyokuwa ikidondosha maji haikunisumbua kwa sababu ya koki yenyewe, kwani fundi bomba huibadilisha kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo. Ilinisumbua kwa sababu ilinilazimisha kujiuliza: ikiwa mwenye nyumba ameshindwa kushughulikia jambo analoliona na kulisikia kila siku, yaliyo juu ya dari na chini ya sakafu ameyaacha katika hali gani? Zamu yetu ya kuuza ilipofika, mimi na mwenzangu tulikubaliana tangu mwanzo kwamba kila saa na kila senti tutakayotumia iwe ya kumwondolea mgeni swali la namna hiyo. Mapambo yangesubiri.

Wasiwasi wa mnunuzi una mantiki yake, na wanauchumi wameueleza vizuri. Mwaka 1970 Mmarekani George Akerlof alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, akaonyesha kwamba pale muuzaji anapoijua hali ya gari kuliko mnunuzi, mnunuzi hujikinga kwa kushusha bei anayokubali kulipa kwa magari yote, hata yaliyo mazima, na hatimaye wenye magari mazima hujitoa sokoni. Mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi za aina hiyo. Nyumba nayo ina tabia hiyohiyo, pengine kwa ukali zaidi, maana mgeni hupewa saa moja kukagua kitu ambacho wewe umelala ndani yake kwa miaka. Anapoona dalili ya uzembe, hapunguzi gharama ya koki peke yake. Anapunguza pia gharama ya yale yote anayoyahisi na hawezi kuyaona.

Kama fedha na muda vinatosha kwa jambo moja tu, basi liwe maji. Mnunuzi makini hutazama pembe za dari, chini ya sinki na sehemu ya chini ya kuta hata kabla hajauliza idadi ya vyumba, na yuko sahihi, kwa sababu maji huharibu mbao, huozesha dari, hula vyuma na huleta kuvu. Kazi ya kwanza ni kutambua yanakotoka, kwa kuwa tiba hutofautiana. Yako maji yanayopanda kutoka ardhini kupitia vitundu vidogo vya matofali na saruji, ambayo kwa kawaida huacha alama sehemu ya chini ya ukuta. Yako yanayopenya kutoka juu au pembeni kwa sababu ya gata lililoziba, kigae kilichopasuka, au udongo wa nje uliorundikana ukutani. Yako ya bomba linalovuja ndani ya ukuta. Na uko mvuke wa kawaida wa kupika, kuoga na kupumua, ambao hugeuka matone unapokutana na ukuta wa baridi. Ipo njia rahisi ya kutenganisha hili la mwisho na mengine: kausha uso wa ukuta, bandika kipande cha plastiki au cha karatasi ya alumini, ziba kingo zote kwa utepe, kisha uache kwa siku moja au mbili. Matone yakionekana upande wa chumbani, tatizo ni mvuke na dawa yake ni kupitisha hewa. Yakionekana nyuma ya karatasi, unyevu unatoka ndani ya ukuta wenyewe na itakubidi uufuatilie hadi chanzo chake.

Hapa ndipo wauzaji wengi hushawishika kukimbilia kopo la rangi, na hapa ndipo ninapokuwa mkali. Maji yanayopita katika matofali huyeyusha chumvi zilizomo, na yanapofika kwenye uso wa ukuta hukauka na kuacha unga mweupe. Ukipaka rangi isiyopitisha mvuke juu ya ukuta wa namna hiyo, unayafungia maji na chumvi nyuma yake, na baada ya muda rangi huvimba na kubanduka. Mgeni mzoefu akiona ukuta mmoja umepakwa upya na mingine mitatu imeachwa, anajua pa kuuliza. Ukuta ulioloa unahitaji kwanza kuondolewa chanzo cha maji, kisha kupewa muda, na muda huo si mfupi: kanuni inayotajwa sana miongoni mwa mafundi ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, hali ya hewa ikiruhusu. Ndiyo sababu maandalizi ya kuuza huanza mapema kuliko watu wanavyodhani, na ndiyo sababu sisi tulishughulika na gata na mifereji kabla hata hatujazungumza na wakala. Kuhusu kuvu, Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani hushauri kitu kilicholoa kikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48 ili kuvu isiote, na unyevu wa hewa ya ndani uwe chini ya asilimia 60. Kusugua kuvu bila kurekebisha unyevu ni kuiahirisha tu.

Uvujaji uliofichika una vipimo viwili ambavyo mtu yeyote anaweza kuvifanya bila fundi. Funga koki zote, andika namba iliyo kwenye mita ya maji, usitumie maji kwa saa moja au mbili, kisha usome tena. Namba ikiwa imesogea, kuna mahali maji yanapotea. Kwa choo, tia matone ya rangi ya chakula katika tangi lake na usubiri kidogo bila kuvuta maji. Rangi ikionekana kwenye bakuli, vali ya ndani haizibi vizuri.

Baada ya maji zinafuata nyufa, ambazo huwatisha wanunuzi kuliko zinavyostahili mara nyingi, na pengine huwatisha kidogo mno zinapokuwa mbaya kweli. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu husababishwa zaidi na kukauka na kusinyaa kwa lipu yenyewe. Katika mizani inayojulikana sana miongoni mwa wahandisi, iliyotungwa na kituo cha utafiti wa majengo cha Uingereza, ufa usiozidi milimita 5 huhesabiwa kuwa dosari ya mwonekano inayojazwa na kupakwa rangi, ilhali unaofikia milimita 5 hadi 15 huhitaji kazi ya fundi mwashi na uchunguzi wa chanzo. Upana hautoshi peke yake: ufa unaopanda kwa kufuata viungo vya matofali mithili ya ngazi, au ulio mpana juu na mwembamba chini, huashiria kwamba msingi unasogea. Kabla ya kuziba ufa wowote unaoutilia shaka, piga mstari wa penseli kwenye ncha zake na uandike tarehe. Ufa usiovuka mstari kwa miezi kadhaa una mengi ya kumwambia mnunuzi, na picha zenye tarehe zitakutetea kuliko maneno.

Matengenezo madogo yaliyobaki hayahitaji maelezo marefu: vitasa vinavyoyumba, bawaba zinazopiga kelele, milango inayokwama, swichi zilizopasuka, vioo vyenye ufa, silikoni iliyogeuka nyeusi kuzunguka beseni la kuogea. Tembea na daftari, funga na ufungue kila kitu kinachofunguka, washa kila kinachowaka, na ukimaliza mlipe fundi kwa orodha nzima badala ya kumwita kwa kila jambo. Umeme mwachie fundi umeme aliyesajiliwa. Kwa nyumba za zamani nina onyo moja ambalo ni la afya zaidi kuliko la biashara: usikwangue wala usipige msasa rangi ya kale bila kuipima kwanza, kwani huenda ina madini ya risasi, ambayo Marekani iliyapiga marufuku katika rangi za nyumba mwaka 1978, na vumbi lake huwadhuru zaidi watoto. Vivyo hivyo bati au dari za asbesto: zikiwa nzima na hazijaguswa hazina hatari kubwa, ila zikitobolewa au kuvunjwa hutoa nyuzi zinazoingia mapafuni.

Je, ubomoe jiko na kujenga jipya kabla ya kuuza? Nilishauriwa hivyo na watu wenye nia njema, na nilikataa. Jiko jipya hujengwa kwa ladha ya mtu fulani, na mtu huyo atakuwa anahama. Mnunuzi atakayelipenda hatalipa zaidi kwa kiasi ulichotumia, na asiyelipenda atahesabu gharama ya kuling'oa. Jiko safi, lenye milango ya kabati inayofunga sawasawa na koki zisizovuja, linamtosha mtu aliyekwisha kupanga kulibadilisha kwa mkono wake mwenyewe. Ningeyumba katika msimamo huu pale tu ambapo kitu muhimu hakifanyi kazi kabisa, kwa mfano nyumba isiyo na choo kinachotumika, kwa sababu hapo hata mkopo wa benki huenda ukamkwepa mnunuzi.

Jambo lililonifunza zaidi lilikuwa harufu. Pua huizoea harufu ya mahali ndani ya dakika chache tu, na mwenye nyumba aliyekaa miaka hana uwezo wa kuinusa nyumba yake. Mwombe mtu mkweli asiyefika kwako mara kwa mara aingie na kusema la kwanza linalomjia, kisha uvumilie jibu lake. Manukato ya kupulizia hayasaidii, maana mgeni hunusa manukato na papo hapo huanza kutafuta kinachofichwa. Mapazia, mazulia na magodoro hushika harufu kuliko kuta, basi anza kuvifua na kuvianika hivyo. Moshi wa sigara ni mkaidi zaidi: utando wake hukaa ukutani na kupenya rangi mpya, kwa hiyo kuta zinapaswa kuoshwa, kisha kupakwa rangi ya kwanza ya kuzibia kabla ya rangi yenyewe. Mikojo ya paka iliyoingia sakafuni huhitaji dawa yenye vimeng'enya, kwa sababu sabuni ya kawaida huacha nyuma chembe za asidi ya yuriki ambazo hunuka tena hewa inapokuwa na unyevu.

Macho nayo huzoea. Nilipiga picha za vyumba vyetu kwa simu na kuzitazama usiku kana kwamba ni za nyumba ya mtu mwingine, na ghafla niliona nyaya zilizoning'inia, makasha juu ya kabati, na kiti ambacho kila mtu alikuwa akikikwepa kwa mguu bila kujua. Tuliondoa fanicha nyingi kuliko tulivyokusudia. Chumba hupimwa kwa sakafu inayoonekana, na kabati lililojaa pomoni humwambia mgeni kwamba nyumba hii haina mahali pa kuweka vitu, hata kama ukweli ni kwamba wewe una vitu vingi mno. Kuhusu picha za familia, wako wanaoagiza ziondolewe zote ili mgeni ajione yeye mwenyewe nyumbani; mimi naona chache hazina ubaya, mradi zisigeuze sebule kuwa makumbusho. Rangi za kuta ziwe tulivu. Rangi isiyong'aa huficha mawimbi ya lipu, na yenye kung'aa huyatangaza.

Mwanga ni nafuu kuliko rangi na hufanya kazi kubwa zaidi. Osha madirisha pande zote mbili, kata matawi yanayoziba nuru, fungua mapazia hadi mwisho, kisha hakikisha balbu za chumba kimoja ni za aina moja. Balbu za kati ya kelvini 2,700 na 3,000, kipimo cha rangi ya mwanga, hutoa mwanga wa joto, yaani wa umanjano, unaofaa sebule na vyumba vya kulala. Ukichanganya za joto na za buluu katika chumba kimoja, kuta zitaonekana chafu hata zikiwa zimepakwa jana. Mwanga huohuo ndio utakaobeba picha za tangazo, ambazo ndizo mlango wa kwanza anaopitia mnunuzi wa siku hizi. Simama pembeni mwa chumba, shika kamera usawa wa kifua, hakikisha mistari ya milango imesimama wima, na usitumie lenzi pana kupita kiasi, kwa sababu mgeni aliyeahidiwa ukumbi akakuta kisebule hukasirika kabla hajavua viatu. Kagua pia kile ambacho picha inakitangaza bila kukusudia: barua zenye majina, ratiba za watoto, vitu vya thamani, na hata funguo zilizotundikwa. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha kwamba ufunguo unaweza kuchongwa kutokana na picha yake, hata iliyopigwa kutoka mbali.

Nyaraka ni sehemu ya nyumba, na kuzitayarisha ni matengenezo kama mengine. Hati ya umiliki iwe na jina sahihi, na mirathi iwe imekamilika ikiwa mmoja wa wamiliki amefariki. Ikiwa nyumba iko katika rehani, pata kutoka benki maelezo ya deni lililobaki na utaratibu wa kulifuta. Stakabadhi za kodi, ramani iliyoidhinishwa, vibali vya chumba kilichoongezwa baadaye, vyeti vya dhamana za vifaa na risiti za mafundi viwekwe katika jalada moja. Kagua mipaka kwa ramani na kwa miguu, kwani uzio uliohamia kwa jirani kidogo kidogo hutambuliwa siku mbaya kabisa, yaani baada ya bei kukubaliwa. Mauzo mengi huchelewa kwa karatasi moja iliyokosekana, na ucheleweshaji humpa mnunuzi muda wa kubadili mawazo.

Katika jalada hilohilo tuliweka ukurasa mmoja wa kasoro tulizozijua. Wakala wetu alikunja uso alipouona. Sheria za nchi nyingi hutofautisha kasoro ambayo mnunuzi angeiona kwa ukaguzi wa kawaida na ile iliyofichika ambayo muuzaji aliijua, na kuificha hii ya pili huweza kumfuata muuzaji mahakamani baada ya funguo kukabidhiwa. Hata pasipo sheria ningeuandika ukurasa ule. Dari lililowahi kuvuja, likatengenezwa, na risiti ya fundi ikaambatanishwa, huacha kuwa siri na kuwa historia ya kawaida ya jengo. Na mtu akishasomewa kasoro tatu ndogo na mwenye nyumba mwenyewe, hupunguza kutafuta ya nne.

Bei ndipo mahali ambapo mwenye nyumba huwa adui yake mwenyewe. Katika majaribio mashuhuri yaliyochapishwa mwaka 1990 na Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler, watu waliopewa kikombe cha bure walitaka kukiuza kwa takriban mara mbili ya bei ambayo wenzao wasio nacho walikubali kulipa, na walikuwa wamekimiliki kwa dakika tu. Hebu fikiria nyumba uliyolelea watoto. Utafiti wa David Genesove na Christopher Mayer wa mwaka 2001, kuhusu nyumba za ghorofa za katikati ya jiji la Boston, uligundua kwamba wauzaji waliokabiliwa na hasara dhidi ya bei waliyonunulia walitaja bei za juu zaidi, na nyumba zao zilikaa sokoni muda mrefu zaidi. Mnunuzi hajali ulinunua kwa kiasi gani wala ulitumia kiasi gani kwenye vigae. Mlipe mthamini asiye na maslahi katika mauzo, linganisha na nyumba zilizokwisha kuuzwa badala ya zile zinazotangazwa, kisha andika bei na kiwango cha chini kabisa mtakachokubali, wakati bado hakuna mgeni anayewasubiri sebuleni. Sisi tulibishana kuhusu kiwango hicho kuliko jambo jingine lolote, na nashukuru kwamba tulibishana wawili tu mezani.

Siku za kutembelewa zina kanuni chache. Fungia dawa, vito na hati. Wapeleke wanyama kwa ndugu au rafiki. Fungua madirisha mapema. Na ukiweza, ondoka. Mbele ya mwenye nyumba watu huona haya kufungua makabati au kusema wanachofikiri, na mwenye nyumba naye huanza kutetea kila ukuta. Wakala au ndugu mtulivu anatosha kujibu maswali.

Kabla ya tangazo kutoka, amueni pia vitu gani vinabaki na vipi mnaondoka navyo: taa za darini, mapazia na fito zake, jiko, tangi la maji, rafu zilizopigiliwa ukutani, hata miche ya bustanini. Kilichofungwa kwenye jengo kwa kawaida huchukuliwa kuwa sehemu ya jengo, lakini desturi na mikataba hutofautiana, na ugomvi wa taa umewahi kuvunja makubaliano makubwa. Kitu unachokipenda na unachotaka kuhama nacho kiondoe kabla ya picha kupigwa, uweke kingine mahali pake. Orodha ya vilivyobaki iambatanishwe na mkataba, na siku ya makabidhiano someni mita za maji na umeme pamoja na mnunuzi, mkiandika namba hizo kwenye karatasi ambayo nyote wawili mtatia saini.